Miezi 14 na moyo wa kupandikizwa: je, mwili utauzoea?

"Daktari, habari za kazi. Mdogo wangu ana miaka 34. Moyo wake ulitanuka ukachoka kabisa, akaenda kupandikizwa moyo mwingine Chennai, India. Sasa ni miezi 14. Anaendelea vizuri, amerudi kazini, anapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu bila kupumzika. Anameza takrolimasi asubuhi na jioni, mikofenoleti, prednisoloni, na dawa za presha na kolesteroli. Lakini mikono inamtetemeka hadi chai inamwagika, uso umejaa, sukari imeanza kupanda, na dawa ni ghali. Juzi nimegundua kwamba kwa wiki mbili ameacha takrolimasi ya jioni. Anasema mwili umeshauzoea moyo, na kama ungekuwa unaukataa angeumwa kifua. Shangazi naye kamletea mafuta ya habbasoda na unga wa mlonge wa kuongeza kinga. Na Ramadhani inakuja, anataka kufunga. Je, ipo siku mwili utaukubali moyo huu kabisa? Tufanye nini usikataliwe?"

Dada yangu, kabla ya maelezo yoyote: leo jioni mdogo wako arudie dozi ya jioni kama alivyoandikiwa. Asimeze mbili kwa mpigo kufidia zilizopita. Kisha leo hii hii mpigieni simu mratibu wa upandikizaji kule Chennai, mumweleze bila kuficha kwamba kwa wiki mbili amekuwa akimeza nusu ya takrolimasi, dawa yake kuu ya kuzuia moyo usikataliwe. Hawatashangaa, wagonjwa wa namna hii wanawaona kila mwezi. Wakijua, watapanga vipimo vya kufuatilia. Wakifichwa, watayaona majibu yamebadilika na wanaweza kumuongezea dawa isiyohitajika au kumpunguzia inayohitajika.

Sasa swali lenyewe. Siku ya mwili kuukubali moyo huu moja kwa moja haipo. Najua si jibu ulilolitaka, lakini nalitanguliza kwa sababu mambo karibu yote uliyoyataja, kuanzia dozi ya jioni hadi chupa ya shangazi, yanatokana na kuamini kwamba ipo.

Karibu kila seli ya mwili imebeba juu yake protini za utambulisho ambazo wataalamu huziita HLA. Nusu tunazirithi kwa mama, nusu kwa baba, na ni nadra sana watu wawili wasio ndugu kulingana kwa zote. Chembe nyeupe za damu zinazoitwa seli T hupikwa utotoni katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na pale pale zile zenye tabia ya kushambulia HLA za mwenyeji huondolewa. Zinazobaki humwacha mwenyeji na kumshambulia mgeni. Moyo alio nao mdogo wako una HLA za marehemu aliyeutoa, na utabaki nazo mpaka mwisho. Damu ya mdogo wako kupita humo kila sekunde hakuzifuti. Tena kwa moyo hakuna nafasi ya kutafuta mtu anayefanana naye kwa HLA kama inavyojaribiwa kwenye figo, maana moyo ukishatolewa kifuani hukaa kwenye barafu kwa takriban saa nne tu. Kinachoangaliwa ni kundi la damu, ukubwa wa mwili, na kama mgonjwa hana tayari kingamwili, yaani protini za kinga za kushambulia, dhidi ya huyo aliyetoa. Basi, wanapasua.

Hata hivyo mdogo wako hakukosea kila kitu. Miezi ya mwanzo ndiyo mikali zaidi. Moyo unapohamishwa huja na baadhi ya chembe za kinga za mtu wa kwanza, na hizo huzichokoza sana seli T za mpokeaji. Zikishakufa, fujo hupungua, ndiyo maana madaktari hupunguza dozi hatua kwa hatua katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo ni kweli kwamba mwezi wa 14 si sawa na mwezi wa pili. Ila kupungua kwa hatari na kuisha kwa hatari ni vitu viwili. Kwa waliopandikizwa ini, wapo wachache ambao chini ya uangalizi mkali wameweza kuachishwa dawa na ini likabaki salama. Moyo hauna bahati hiyo. Anayeacha dawa za kushusha kinga, moyo wake hukataliwa. Kinachotofautiana ni wiki au miezi.

Dawa zake tatu zinafanya kazi tofauti, na ni vizuri aijue kila moja. Takrolimasi ndiyo nguzo. Seli T ikimkuta mgeni haishambulii peke yake. Hutoa kemikali ya kuziamsha nyingine ziongezeke kwa mamilioni. Takrolimasi huzuia kemikali hiyo isitengenezwe. Ni kama mlinzi aliyemwona mgeni getini lakini simu yake haina chaji: anaona, ila hawezi kuita wenzake. Na chaji inarudi. Dawa ikishuka kwenye damu, seli T zile zile zilizokuwa kimya zinaanza kuitana. Mikofenoleti yenyewe huzinyima chembe nyeupe malighafi ya kujigawa, na prednisoloni hutuliza uvimbe wa kinga kwa upana, huku ikileta karibu kila kero unayoiona usoni mwake.

Wengi husema, kama hatari ni kukataliwa, si wampe dawa kali tu? Historia ilishajibu hilo. Tarehe 3 Desemba 1967, Christiaan Barnard na timu yake katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, walimpandikiza Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine, mara ya kwanza duniani. Moyo ulipiga vizuri. Washkansky alifariki baada ya siku 18 kwa nimonia, kwa sababu kinga yake ilikuwa imeshushwa mno. Mgonjwa wa pili wa Barnard, Philip Blaiberg, alipandikizwa Januari 1968 akaishi zaidi ya miezi 19, akaogelea baharini, akapigwa picha na magazeti ya dunia nzima. Alipofariki, mishipa inayolisha moyo ule mpya ilikutwa imeziba vibaya. Mwili ulikuwa umeukataa polepole bila kelele. Wa kwanza kinga ilishushwa kupita kiasi, wa pili haikuzuiwa vya kutosha kwa muda mrefu. Tangu hapo kazi yote ya fani hii ni kutafuta nafasi iliyopo kati ya vifo hivyo viwili, na nafasi hiyo ni nyembamba kiasi kwamba inapimwa kwa damu, haikisiwi kwa jinsi mtu anavyojisikia.

Mwaka uliofuata upasuaji wa kwanza, hospitali nyingi duniani zilijaribu, wagonjwa wakafa mfululizo, nyingi zikaacha. Kilichobadilisha mambo ni saiklosporini, iliyoanza kutumika kwenye moyo mwishoni mwa 1980, kisha takrolimasi. Ya kwanza ilitokana na kuvu wa kwenye udongo wa Norwe, ya pili na bakteria wa udongo wa karibu na mlima Tsukuba, Japani. Leo nusu ya watu wazima waliopandikizwa moyo huishi zaidi ya miaka 12, na wapo waliovuka 30. Mdogo wako ana miaka 34. Miaka hiyo ndiyo anayoichezea kwa kuruka kidonge cha jioni.

Tuje kwenye kifua. Anasema angeumwa. Pengine hataumwa kamwe. Moyo unapotolewa, neva zake zote hukatwa, na daktari mpasuaji hushona mishipa ya damu na kuta za moyo tu, neva hazishonwi. Baadhi huota tena baada ya miaka, kidogo na bila mpangilio. Ndiyo maana mapigo yake akiwa amekaa yanaweza kuwa 90 hadi 110 kwa dakika na ikawa kawaida yake, na ndiyo maana akianza kukimbia moyo unachelewa kushika kasi, inabidi aanze kwa kutembea. Neva zilizokatwa ndizo zilizokuwa zibebe habari ya maumivu. Hata mshtuko wa moyo unaweza kumpata asihisi kitu kifuani, akaona tu pumzi zinakata au nguvu zimemwishia.

Na kukataliwa kwenyewe mara nyingi hakuna dalili mwanzoni. Mtu anakula, anacheka, anaenda kazini, na ndani chembe nyeupe zinajipenyeza katikati ya nyuzi za misuli ya moyo. Dalili zikija, huja moyo ukiwa umeshaumia: uchovu usioelezeka, uzito kupanda kwa siku chache kwa sababu ya maji, miguu kuvimba, kushindwa kulala chali, mapigo kuruka, presha kushuka, wakati mwingine homa au kichefuchefu tu.

Kwa hiyo tunatazama. Katika mwaka wa kwanza mdogo wako bila shaka alichukuliwa vinyama vya moyo mara kadhaa. Wagonjwa wengi wanakiogopa kipimo hiki kuliko upasuaji wenyewe, wanadhani moyo unakatwa ukabaki na matundu. Kinafanyika hivi: mgonjwa yuko macho, ngozi ya shingoni upande wa kulia inatiwa ganzi, mrija mwembamba unaingizwa kwenye mshipa mpaka chumba cha kulia cha moyo, daktari akifuatilia kwenye skrini ya eksirei. Ncha ya waya unaopitishwa humo ina vitaya vidogo vinavyofumba kama mdomo. Vinabana kipande cha milimita moja au mbili, kinatolewa, vinarudi tena, mara nne au tano. Mgonjwa huhisi mvuto kidogo, na moyo huruka pigo moja mbili. Madhara makubwa yapo lakini ni nadra. Vipande huenda maabara, vinakatwa vyembamba na kutiwa rangi, kisha mtaalamu wa tishu anaangalia: nyuzi za misuli zikiwa zimepangika safi ni 0R; vidoto vya zambarau, yaani chembe nyeupe, vikiwa vichache, 1R; vikiwa vimejikusanya na misuli imeanza kuharibika, 2R; vikiwa vimetapakaa na uharibifu ni mkubwa, 3R.

Namna hii ya kusoma vinyama na kuvipa daraja iliasisiwa na daktari mzaliwa wa Tanga. Margaret Billingham alizaliwa pale mwaka 1930, akasoma London, akafanya kazi Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na vigezo alivyoviweka ndivyo vilivyozaa madaraja ya kimataifa tunayotumia leo. Nashangaa kwamba hata madaktari wetu wengi hawamjui.

Baada ya mwaka wa kwanza vinyama huchukuliwa kwa nadra, na vituo vikubwa hutumia pia vipimo vya damu vinavyotafuta vipande vya DNA ya aliyetoa moyo. Vikiongezeka, maana yake seli za moyo zinakufa. Muulizeni mratibu kama kwa hali yake kinyama kinahitajika. Ningeuliza pia kipimo kingine, na hiki ni muhimu kwa sababu ya hizo wiki mbili: kingamwili dhidi ya HLA za aliyetoa moyo. Seli T zikiachiwa nafasi hata kwa muda mfupi zinaweza kuzisaidia seli nyingine, seli B, kuanza kutengeneza kingamwili hizo. Zikishaanza ni shida kuzizima. Dozi ya jioni ikirudishwa hazilali papo hapo. Si lazima ziwe zimetokea. Lakini ni heri kujua sasa.

Zinapokaa kwa miaka, kingamwili hizo ni mojawapo ya mambo yanayonenepesha kuta za mishipa inayolisha moyo, ugonjwa ule ule uliomuua Blaiberg. Huu si kama ugonjwa wa moyo wa wazee ambapo mafuta huziba sehemu moja ikawekewa springi ya kuutanua mshipa. Hapa mshipa hunywea kwa urefu wake wote, hadi vijitawi vya mwisho, na springi husaidia kidogo tu. Ndiyo sababu ya zile statini, yaani dawa za kolesteroli, anazomeza. Hata kolesteroli yake ikiwa ya kawaida asiziache, kwa kuwa kwa aliyepandikizwa zimeonekana kupunguza kukataliwa na kuchelewesha unene huu. Ndiyo sababu pia ya kipimo cha mishipa ya moyo kila mwaka au kama kituo chake kinavyopanga, ya kudhibiti presha, na ya kutogusa sigara wala shisha.

Sasa nimtetee mdogo wako kidogo. Kutetemeka mikono, uso kujaa, sukari kupanda: hayo si madeko. Ni madhara halisi ya dawa, na yana dawa yake ambayo si kujipunguzia kimyakimya. Kutetemeka mara nyingi ni dalili kwamba takrolimasi iko juu au inapanda ghafla baada ya kumezwa. Miezi ya mwanzo tunataka kiwango cha kama nanogramu 10 hadi 15 kwa mililita ya damu. Baada ya miezi sita wengi huteremshwa hadi kati ya 5 na 10. Inawezekana kabisa dozi yake ilistahili kushushwa, lakini kwa kipimo. Ipo pia takrolimasi inayoyeyuka taratibu, ya mara moja kwa siku, ambayo kwa baadhi ya watu hupunguza tetemeko na kuondoa kabisa hicho kidonge cha jioni kinachomkera. Usibadilishe moja kwa nyingine dukani ukidhani ni ile ile. Dozi hazilingani na mtu amewahi kukataliwa moyo kwa sababu hiyo.

Uso na sukari ni kazi ya prednisoloni zaidi, ingawa takrolimasi nayo hupandisha sukari. Vituo vingi humwachisha mgonjwa prednisoloni kati ya mwezi wa sita na wa 12 kama vinyama vimekuwa safi. Kwake miezi 14 imepita, kwa hiyo ni swali halali kabisa kuwauliza, baada ya majibu ya sasa kutoka. Ila aangalie asiikate mwenyewe kwa siku moja. Mwili uliozoea prednisoloni huacha kutengeneza homoni yake, na kuikata ghafla kunaweza kumwangusha presha hadi kuzimia. Figo zikianza kulalamika, njia nyingine ni kuingiza everolimasi, dawa nyingine ya kushusha kinga, ili takrolimasi ipunguzwe. Nayo ina yake, vidonda vya mdomoni, mafuta kupanda kwenye damu, majeraha kuchelewa kupona. Hakuna mseto usio na gharama. Kuna mseto unaomfaa yeye, na unatafutwa kwa kupima na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati.

Kuhusu kupima, jambo dogo linaloharibu majibu ya wengi: damu ya takrolimasi huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kabla ya kumeza ya asubuhi. Kama anameza saa mbili usiku, afike maabara saa mbili asubuhi na vidonge mfukoni, atolewe damu, ndipo ameze palepale. Akimeza nyumbani kwanza, kiwango kitaonekana kikubwa kwa uongo, na daktari atampunguzia dawa anayoihitaji.

Takrolimasi huvunjwavunjwa na kimeng'enya kilicho kwenye ini na ukuta wa utumbo, na vitu vingi vya kawaida kwetu hukigusa kimeng'enya hicho. Balungi na juisi yake hukizuia, dawa ikarundikana. Vivyo hivyo klarithromaisini, erithromaisini, flukonazoli ya fangasi, na baadhi ya dawa za presha kama diltiazemu. Kinyume chake ni rifampisini ya kifua kikuu, ambayo hukichochea kimeng'enya hadi takrolimasi ikakaribia kupotea kwenye damu. Kwetu TB ni jambo la kila siku, na mwenye kinga iliyoshushwa yuko hatarini zaidi. Akikohoa wiki mbili apimwe. Akikutwa nayo atibiwe, lakini daktari wa TB na wa moyo wazungumze kabla ya kidonge cha kwanza. Kuharisha nako kuna kinyume chake: watu hudhani dawa inatoka yote, kumbe utumbo ukichubuka takrolimasi nyingi zaidi huingia kwenye damu. Akiharisha zaidi ya siku moja, apime kiwango. Akiumwa mgongo au kichwa asinunue diklofenaki wala ibuprofeni; pamoja na takrolimasi zinachosha figo haraka. Parasetamoli inatosha. Malaria ipimwe kwanza, na dawa aandikiwe na anayejua anameza nini. Duka likimpa takrolimasi ya kiwanda kingine kwa kuwa ile imeisha, si lazima iwe mbaya, lakini apime damu ndani ya wiki moja au mbili.

Shangazi ana nia njema na naomba mumheshimu katika hili. Tatizo liko kwenye lengo la zawadi yake. Kinga ndiyo tunayoishusha. Kinachodai kuiongeza, ama hakifanyi kitu, ama kinafanya hasa tusichokitaka. Punje za habbasoda juu ya mkate ni chakula, ale. Kijiko cha mafuta kila asubuhi ni dawa, na kipimo chake pamoja na takrolimasi hakijulikani. Majani ya mlonge yakipikwa mara moja moja kama mboga sina neno. Unga wake wa kila siku hapana. Mwelezeni shangazi hivi: anaweza kusaidia sana kwa kuchemsha maziwa na maji ya kunywa, kuivisha nyama mpaka ndani, na kuwaambia wageni wenye mafua waje wiki ijayo.

Kufunga. Huku kwetu, toka daku mpaka futari ni zaidi ya saa 13, na takrolimasi ya mara mbili inataka saa 12. Hilo lenyewe lingeweza kupangwa. Kinachonitisha ni maji: siku nzima ya joto bila kunywa, figo zilizobanwa na takrolimasi, sukari inayopanda. Mtu aliyekaa imara kwa miaka, figo nzuri, bila sukari, baadhi ya madaktari humruhusu kwa kufuatilia kwa karibu. Mdogo wako hayuko hapo. Miezi 14, dozi zimevurugika juzi, sukari haijatulia: mwaka huu ningemwambia asifunge. Mgonjwa ana ruhusa katika dini yake, na imamu wake atamweleza vizuri kuliko mimi kuhusu fidia.

Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano na surua, asichanjwe. Kama alichanjwa homa ya manjano kabla ya upasuaji, kadi hiyo inakubalika maisha yote tangu kanuni za kimataifa zibadilishwe 2016. Kama hana, daktari amwandikie barua ya kuondolewa sharti. Za mafua (ile ya sindano) na nimonia anazihitaji, si hai.

Kuhusu nani amtazame hapa nyumbani: hukuandika mnaishi wapi, nadhani ni Tanzania. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na cha mishipa ya moyo vinapatikana Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa upande wa dawa, msiwasahau madaktari wa figo. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata 2018. Wagonjwa wao wanatumia takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni hizo hizo. Kliniki hizo zinajua wapi damu inapimwa kwa uhakika, duka gani halikosi dawa, na bima ipi inalipa nini. Hilo la gharama mliseme wazi kwa Chennai pia. Wakijua pesa ni tatizo wanaweza kuchagua dawa ya kiwanda cha bei nafuu na kuisimamia kwa vipimo. Dozi nusu haibani matumizi: kutibu kukataliwa ni sindano za steroidi kwa siku tatu hospitalini kwa kesi nyepesi, na kwa iliyohusisha kingamwili ni kusafisha damu kwa mashine na dawa ambazo bei yake sitaki hata kuitaja.

Wiki hii basi: eko, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kiwango cha takrolimasi baada ya siku tatu au nne za dozi kamili, kreatinini ya kupima figo, sukari, na majibu yote yatumwe Chennai. Asisubiri miadi bali aende hospitali usiku huo huo akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, pumzi kubana, kuzimia, mapigo ya kuruka yasiyotulia, uzito kupanda kilo mbili ndani ya siku chache, au kutapika dawa kiasi cha kukosa dozi mbili. Na mtengenezeeni kadi ya kukaa kwenye pochi, kwa sababu daktari wa zamu huenda hajawahi kukutana na moyo wa namna hii: tarehe na mahali alipopandikizwa, dawa na dozi zake, namba ya simu ya mratibu, na mstari mmoja kwa herufi kubwa kwamba moyo huu umekatwa neva, dawa ya atropini haitauongezea mapigo, na ya adenosini huushtua kupita kiasi.